Kitufe cha kijivu kinamwambia nini mtumiaji?

*“Shikamoo mwalimu. Mimi ni mbunifu pekee katika kikundi cha watu watano kinachotengeneza programu ya simu ya chama cha akiba na mikopo. Tumeijenga kwa Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu, na toleo la tovuti liko njiani. Juzi nilizipitia skrini zetu zote nikahesabu aina saba za kijivu kwenye vitufe na sehemu za kujaza zilizozimwa. Mkuu wetu ameagiza vyote vififizwe kwa kiwango kimoja cha asilimia 38 (yaani rangi ibaki na asilimia 38 tu ya nguvu yake) ili programu iwe na mwonekano mmoja. Wakati huohuo wanachama wanalalamika kwamba programu ‘imeganda’, na wachache wanasema walikatwa pesa mara mbili kwa sababu kitufe cha Lipa hakikuonyesha kwamba kimeshabonyezwa. Mwenzangu mmoja anadai kwamba maandishi ya kijivu lazima yafikie uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya mng'ao wa herufi na wa usuli wake. Mwingine anasema vitu vilivyozimwa havihusiki na sharti hilo. Naomba kanuni moja ninayoweza kuiandika kwenye mwongozo wetu wa usanifu, ikafuatwa na wote.”*

Marahaba, na ahsante kwa kueleza kwa undani kiasi hiki, maana maelezo yako yamenionyesha jambo ambalo swali lenyewe halikulitaja. Mna matatizo matatu yaliyovaa nguo moja ya kijivu: rangi zisizolingana, wanachama wasiojua kwa nini kitufe hakiwaitikii, na malipo yanayotumwa mara mbili. Mkuu wenu anataka kulitibu la kwanza, na dawa aliyoichagua itayazidisha mengine mawili. Kanuni moja uliyoiomba ipo, ila haianzi na rangi. Ni hii: kila kinachozimwa kwenye skrini kiwe na sababu inayoweza kutajwa kwa sentensi moja, na sababu za aina moja zionekane, zisikike na zitende kwa namna moja programu nzima. Ukiiandika hiyo kwanza, suala la kijivu gani kitumike litakuchukua mchana mmoja.

Tuanze na desturi yenyewe ya kufifiza kisichotumika, ilikotoka, kwa sababu wengi tunaifuata bila kujua ilitatua tatizo gani. Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na skrini ya pikseli 512 kwa 342, na kila pikseli ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe. Kijivu hakikuwepo kabisa. Amri ya menyu isiyoweza kutumika kwa wakati ule ilichorwa kwa kuacha pikseli moja na kuchora nyingine, mpaka jicho likaona herufi zimefifia. Faida yake ilikuwa kwamba menyu haikubadilika umbo: mtu aliifungua, akaiona amri ya kubandika mahali pake pa siku zote, akaelewa kwamba haijawaka kwa kuwa hajanakili chochote. Angalia masharti mawili yaliyoifanya desturi hiyo ifanye kazi. Mtumiaji alikuwa akitazama orodha ya mambo mengi yanayowezekana, na sababu ya kufifia ilikuwa rahisi kuikisia. Kwenye skrini yenu ya malipo sharti lolote kati ya hayo halipo: kitufe ni kimoja, kimekufa, na mwanachama amebaki akikisia.

Sasa tuingie jikoni. Neno “kuzima” linaficha mambo matatu ambayo kwenye msimbo wa programu ni tofauti kabisa. Kuna sura, yaani kitufe kubadilika rangi. Kuna mwitikio, yaani kidole kugusa bila chochote kutendeka. Na kuna taarifa, yaani kisoma skrini kumwambia mtumiaji asiyeona kwamba kitufe hiki kipo lakini hakitumiki kwa sasa. Vitufe vya Flutter vilivyo tayari huyafanya yote matatu kwa pamoja pale onPressed, yaani amri ya kutekelezwa kitufe kinapobonyezwa, inapopewa null, yaani “hakuna kitu”. Lakini mtu akijitengenezea kitufe kwa Container (kisanduku kitupu) na GestureDetector (kipokea mguso), hapati hata moja kati ya hayo bila kuliandika mwenyewe, na kwa kawaida atachagua kijivu kwa jicho, atazuia mguso, kisha ile taarifa ataisahau. Mwingine hufunika kitufe kwa AbsorbPointer, ambayo huzuia kidole bila kugusa sura, kwa hiyo kitufe kinang'aa kijani huku kimekufa. Mwingine hukizungushia Opacity, inayopunguza nguvu ya rangi, kikafifia vizuri huku bado kinapokea mguso kama kawaida. Nashuku aina zako saba za kijivu zimezaliwa kwa njia hizi, kila msanidi na mkono wake, na kwa hiyo kuzipaka rangi moja kutaficha tofauti za kitabia ambazo zitaendelea kuwachanganya watu. Kazi ya kwanza ni kupekua msimbo, kuviondoa vitufe vya kujitengenezea, na kuvirudisha vyote kwenye kitufe kimoja cha pamoja.

Kwenye tovuti tofauti hizo ni kali zaidi. Sifa ya HTML iitwayo disabled huondoa kitufe kwenye mzunguko wa kibodi (anayesogea kwa kibodi hakifikii), huzuia kubofya, na kama imewekwa kwenye sehemu ya kujaza, thamani iliyomo haitumwi kwenye seva fomu inapowasilishwa. Hili la mwisho limewatoa jasho wengi: sehemu ya namba ya uanachama inazimwa ili mtu asiibadilishe, kisha seva inalalamika kwamba namba haikujazwa. Sifa ya readonly ni kitu kingine: sehemu hufikiwa na kibodi, maandishi yake huweza kunakiliwa, na thamani hutumwa, ila hutumika kwenye sehemu za kuandika tu, haifanyi lolote kwenye visanduku vya kuteua wala orodha za kuchagua. Ya tatu ni aria-disabled, ambayo hutangaza tu kwa kisoma skrini kwamba kitu kimezimwa. Kukizuia kisitende kunabaki kuwa wajibu wa msanidi. Waandikie wenzako hizi tatu kwa majina yake kwenye mwongozo, maana wakisema tu “zima hiyo” kila mmoja atachukua iliyo karibu naye.

Nirudi kwenye asilimia 38. Mkuu wenu hakuitunga. Ndiyo inayotumika katika Material Design, mwongozo wa usanifu wa Google, kwa maandishi ya vitu vilivyozimwa. Tatizo ni kudhani kwamba kiwango kimoja cha ufifio huzaa mwonekano mmoja, wakati ufifio ni mchanganyiko wa rangi ya kitu na rangi ya kilicho nyuma yake. Herufi nyeusi zenye asilimia 38 juu ya nyeupe huwa kijivu chenye namba ya rangi #9E9E9E, na uwiano wake na nyeupe ni karibu 2.7 kwa 1. Chukua asilimia hiyohiyo kwa herufi nyeupe juu ya usuli mweusi wa #121212, ambao hutumiwa mara nyingi kwenye hali ya giza, na uwiano unapanda hadi kama 3.6. Iweke juu ya kadi ya kijani ya chama chenu, utapata kijani kilichochafuka ambacho hakifanani na kimojawapo. Hatari zaidi ni kufifiza mara mbili. Msanidi mmoja anaififiza fomu nzima kwa asilimia 38, mwingine ameshakififiza kitufe kilichomo ndani kwa asilimia 38. Viwango huzidishana, kinabaki kama asilimia 14, na herufi nyeusi juu ya nyeupe zinafikia uwiano wa 1.4 kwa 1, yaani zimetoweka kwa mtu yeyote aliye nje ya chumba chenye kivuli. Kwa hiyo agizo la mkuu, likitekelezwa kama lilivyo, litakupa zaidi ya aina saba.

Mabishano ya wenzako wawili ni ya haki kwa pande zote mbili. Mwongozo wa WCAG, unaohusu tovuti na programu kufikika kwa watu wenye ulemavu na unaotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, unataka maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Na tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008 umesamehe maandishi yaliyo sehemu ya kitu kisichotumika. Toleo la 2.1 la mwaka 2018 lilipoongeza sharti la 3 kwa 1 kwa mipaka ya vitufe na alama za picha, msamaha huo uliendelea, na toleo la 2.2 la mwaka 2023 halikuufuta. Kwa herufi ya kanuni, basi, mwenzako wa pili amesema kweli. Lakini msamaha ni ruhusa ya kutoadhibiwa. Haukushauri mtu afanye maandishi yasiyosomeka. Tena eneo lake ni dogo kuliko wengi wanavyodhani. Sentensi inayoeleza kwa nini kitufe kimezimwa haimo ndani ya kitufe, kwa hiyo inadaiwa 4.5 kamili. Salio la akiba au namba ya uanachama iliyowekwa ili isomwe tu ni habari anayoihitaji mwanachama. Kuiita “kitu kisichotumika” ili kukwepa uwiano ni kujidanganya.

Niliwahi kukaa na mama mmoja muuza vitenge Kariakoo, saa saba mchana, akijaribu programu niliyoshiriki kuibuni na ambayo nilijivunia wepesi wa rangi zake. Alikuwa na simu ya kawaida yenye mikwaruzo, mwangaza ameupunguza kuokoa chaji. Kitufe cha kuendelea hakukiona kabisa. Hakusema kimefifia; alisema hakipo, na akawa anateleza skrini juu na chini akikitafuta. Siku ile nilielewa kwamba kitufe kilichozimwa kina kazi mbili, kuonekana kwamba kipo na kuonekana kwamba hakijawa tayari, na mimi nilikuwa nimeijali ya pili tu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kuacha ufifio na kutumia rangi kamili zisizopenyeza. Kwa usuli mweupe, herufi za #767676 juu ya kitufe cha #F2F2F2 hutoa uwiano wa karibu 4 kwa 1, ambao unasomeka hata juani. Utaniuliza, sasa tofauti na kitufe kinachofanya kazi itajulikanaje? Itajulikana kwa yale yaliyoondolewa: rangi ya chama, kivuli, na mpaka. Kitufe kinachofanya kazi kimejaa rangi na kimeinuka. Kilichozimwa kimekuwa bapa na hakina rangi. Zipe rangi hizi majina ya maana yake kwenye faili la tokeni, yaani orodha ya pamoja ya thamani za usanifu, kwa mfano “maandishi-yaliyozimwa” na “uso-uliozimwa”, kila moja ikiwa na thamani ya hali ya mwanga na thamani ya hali ya giza, na mtu asiruhusiwe kuandika namba ya rangi moja kwa moja kwenye kitufe. Kisha kuna sharti la upande wa pili ambalo miongozo mingi hulisahau: kitu chochote kinachofanya kazi kisivae kijivu. Kitufe cha Ghairi chenye herufi za kijivu na mpaka wa kijivu, ambacho wabunifu tunakipenda kwa sababu hakishindani na kitufe kikuu, humfundisha mwanachama kwamba kijivu wakati mwingine hubonyezeka. Baada ya hapo hawezi tena kuamini kijivu chochote.

Hayo ndiyo ya rangi, na nimeyapitia haraka kwa sababu kiini cha malalamiko ya wanachama wenu kiko kwingine, kwenye sababu. Chukua skrini zenu, na pembeni ya kila kitu kilichozimwa andika kwa nini kimezimwa. Nina hakika sababu zitaangukia kwenye mafungu machache, na kwamba baadhi ya mafungu hayo hayastahili kuzimwa hata kidogo.

Fungu kubwa kuliko yote litakuwa la fomu ambayo haijakamilika: kitufe cha Wasilisha kimezimwa hadi kila sehemu ijazwe sawasawa. Nia ni njema, tunataka kumzuia mtu asikosee. Matokeo yake ni kwamba tunamnyima mtu njia pekee ya kuuliza amekosea wapi. Fikiria sehemu ya namba ya simu inayokubali tarakimu 10 zinazoanza na 0. Mwanachama anabandika namba yake kutoka kwenye orodha ya majina, ikiwa katika umbo la +255 na tarakimu tisa baada yake. Namba ni sahihi, lakini kitufe kimebaki kijivu milele na hakuna neno lililoandikwa popote. Au namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, yenye tarakimu 20: mmoja anaiandika pamoja na vistari kama ilivyochapwa, mwingine bila vistari. Hawa wote watakwambia programu imeganda, na watakuwa wamesema kweli kwa lugha yao. Ushauri wangu kwa fomu za namna hii ni kukiacha kitufe kikiwa hai wakati wote. Mtu akibonyeza, kagua. Kama kuna kosa, mpeleke kwenye sehemu ya kwanza yenye kosa, na chini yake uandike tatizo na namna ya kulirekebisha. Na kabla hata ya kumlaumu mtu, programu ivumilie yale inayoweza kuyavumilia: iondoe vistari na nafasi, igeuze +255 kuwa 0, iendelee.

Nakiri kwamba njia hii ina gharama. Ujumbe wa kosa ukiwa ni “Taarifa si sahihi” bila zaidi, kitufe hai kitakuwa kero kuliko kilichozimwa, kwa sababu mtu atabonyeza, atakemewa, na hatajua afanye nini. Mkichagua njia hii, mjue mmechagua pia kuandika ujumbe mzuri kwa kila kosa, na kazi hiyo ni ya mbunifu kabla ya kuwa ya msanidi. Pia kuna fomu fupi ambazo kuzima kunafaa. Skrini ya namba ya siri yenye visanduku vinne vitupu inajieleza. Hakuna atakayeshangaa kwamba Endelea hakijawaka wakati ameingiza tarakimu mbili. Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, mtu anayeitazama skrini hii kwa mara ya kwanza anaweza kuiona sababu bila kuambiwa? Kama anaweza, zima ukitaka.

Wanaopenda hoja ya kulinganisha, ninawakumbusha menyu za USSD (zile za kupiga nyota na reli) ambazo wanachama wenu wamezitumia miaka mingi kabla ya kuona programu yenu. Kule hakuna kijivu. Unachagua 3, na kama haiwezekani unajibiwa kwamba salio halitoshi au huduma haipatikani kwa sasa. Ni mfumo wa kizamani wenye kuchosha, lakini kila chaguo lina jibu, na mazoea hayo watu wamekuja nayo kwenye simu janja.

Fungu la pili ni la kitu kinachoshughulikiwa, na hapa ndipo zilipopotea pesa za watu. Kitufe cha Lipa kikishabonyezwa hakijazimwa kwa maana ileile ya fomu isiyokamilika. Kiko kazini, na anayekitazama lazima ajue hivyo. Kibakie na rangi ya chama, maneno yake yabadilike yawe “Inatuma malipo…”, kiashiria kizunguke, upana wa kitufe usibadilike, na mguso wa pili usipokelewe. Kwenye tovuti tumia aria-disabled hapa badala ya disabled, kwa sababu kitufe kinachozimwa kabisa wakati mtu yuko juu yake humpotezea mahali anayetumia kibodi au kisoma skrini. Kisha kumbuka malipo ya simu yanavyokwenda: ujumbe wa kuweka namba ya siri unakuja juu ya programu yenu, mtu anaweza kuukubali, kuughairi, au kuuacha mpaka muda wake uishe, na majibu kutoka kwa mtoa huduma yanaweza kuchelewa au yasifike kabisa. Kila moja ya njia hizo lazima iwe na mwisho kwenye skrini yenu. Kitufe kisibaki kikizunguka bila kikomo. Baada ya muda mliojiwekea, kibadilike kuwa “Angalia hali ya malipo”, ambacho kinaiuliza seva na wala hakitumi ombi jipya.

Na hapa nisisitize jambo moja kwa nguvu zote: kuzima kitufe hakuzuii malipo mara mbili. Kunapunguza tu. Mtandao unaweza kukatika baada ya ombi kufika, mtu akafunga programu, akafungua upya, akakuta kitufe kikiwa hai, akalipa tena. Kinga ya kweli iko kwenye seva: kila nia ya kulipa ipewe namba yake ya kumbukumbu ya kipekee inapoanza, na seva ikiliona ombi la pili lenye namba hiyohiyo irudishe majibu ya lile la kwanza. Kama mlikuwa mnategemea kijivu kilinde pesa, kijivu kimebebeshwa mzigo usio wake.

Fungu la habari za kusomwa tu nimeshaligusa. Namba ya uanachama, jina lililothibitishwa, riba ya mkopo uliokwisha kupitishwa: haya yasivae sura ya sehemu iliyozimwa. Yaonyeshe kama maandishi ya kawaida, bila kisanduku, yenye uwiano kamili, na kama kuna njia ya kuyabadilisha kupitia ofisini, iseme hapohapo.

Fungu la ruhusa, yaani vitufe ambavyo si kila mtu anaruhusiwa kuvitumia, lahitaji uamuzi zaidi, na hapa watu wenye busara hutofautiana. Wapo wanaosema ficha kila kisichomhusu mtumiaji, wapo wanaosema onyesha kila kitu kikiwa kimezimwa. Mimi hugawanya kwa swali moja: je, mtu huyu anaweza siku moja kufika hapo kwa jitihada zake? Kitufe cha kuidhinisha mikopo ni cha mhazini. Mwanachama wa kawaida hatakibonyeza kamwe, kwa hiyo kumwonyesha ni kumwekea mlango uliochorwa ukutani. Kifiche. Lakini kama kanuni zenu zinamruhusu mwanachama kukopa baada ya miezi sita ya kuweka akiba, na yeye yuko kwenye mwezi wa nne, onyesha kitufe cha Omba Mkopo kikiwa kimezimwa, na chini yake uandike: “Utaweza kuomba mkopo kuanzia tarehe 12 Machi.” Hapo kitu kilichozimwa kimekuwa habari njema. Maandishi hayo yawe wazi kwenye skrini wakati wote. Kuyaficha ili yajitokeze mtu anaposogeza kishale hakuna maana kwenye simu isiyo na kishale, na hata kwenye kompyuta kitufe chenye disabled mara nyingi hakiyapokei matukio hayo.

Mengine yaliyobaki hayana ugumu. Alama ya kutoa (−) ya kupunguza idadi pale idadi inapofika sifuri, mwezi ujao kwenye kalenda ambao haujafunguliwa, kitufe cha kutuma tena namba ya uthibitisho chenye sekunde zinazohesabika kurudi nyuma: zima bila wasiwasi, sababu inaonekana. Ukosefu wa mtandao ni kinyume chake. Usizime programu nzima kwa sababu mtandao umepotea. Acha mtu abonyeze, mwambie hakuna mtandao, na alichokiandika kihifadhiwe.

Kuhusu uwezo wako wa kuyajaribu haya mwenyewe: washa TalkBack, yaani kisoma skrini, kwenye simu ya Android, funga macho, na pitia skrini ya malipo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kitufe kilichozimwa lazima kitajwe kwa jina na kwa hali yake. Kikirukwa, au kikisomwa kama kitufe cha kawaida kisha kisitende lolote, mmekipata kimojawapo kati ya vile vya GestureDetector. Halafu toka nje mchana, punguza mwangaza wa simu hadi nusu, na umpe mtu asiyefanya kazi kwenu. Majaribio haya mawili hayana gharama na yatawaonyesha mengi.

Lakini yapo ambayo barua yangu haiwezi kuyamaliza. Kufunga macho kwa dakika kumi hakumfanyi mtu awe mzoefu wa kisoma skrini, kwa hiyo tafuteni watu wawili au watatu wanaokitumia kila siku, mkae nao ana kwa ana, na mwalipe kwa muda wao. Chama cha Wasioona Tanzania ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Na zile kesi za kukatwa mara mbili zisisubiri mwongozo wa usanifu. Wiki hii, kabla ya kugusa rangi yoyote, kaa meza moja na msanidi wa seva na mhasibu wa chama, mkiwa na kumbukumbu za mtoa huduma ya malipo upande mmoja na leja yenu upande mwingine, mkapitie muamala mmoja baada ya mwingine hadi mjue nani anarudishiwa kiasi gani. Kama hamna mtu wa seva anayeweza kukueleza bila kusitasita nini hutokea ombi moja likifika mara mbili, mwajirini mtu wa nje alikague hilo, na mpaka amalize weka kwenye skrini ya malipo namba ya simu ya ofisi ambayo kweli inapokelewa.